Nimerudishwa nyumbani kwa nyuzi 37.6. Je, shule hii ya Japani inanidharau?

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa Tanga, na tangu mwezi wa nane ni mwalimu msaidizi wa Kiingereza katika shule ya msingi ya mji mdogo mkoani Niigata, Japani. Mwajiri wangu ni manispaa, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Nilipofika kulikuwa na joto la kwetu kabisa. Sasa theluji inafika kiunoni. Baridi naivumilia, watoto nawapenda, kazi naiweza. Kinachonimaliza ni mambo yao ya afya, na nimefika mahali sijui kama ni desturi au ni dharau.

Kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, mwalimu wa darasa huita jina la kila mtoto, na kila mtoto hutaja hali yake mbele ya wenzake: mzima, ana mafua, tumbo linamuuma. Yote huandikwa na kupelekwa kwa mwalimu wa afya. Nilidhani ni mambo ya watoto tu, mpaka na mimi nikapewa karatasi ya kujaza joto la mwili wangu kila siku kabla ya kutoka nyumbani. Mwezi uliopita niliandika 37.6. Nilikuwa na mafua tu, mama. Kwetu mtu mwenye joto hilo anakwenda shamba na kurudi. Mwalimu mkuu msaidizi alikuja mezani kwangu, akainama, akaniambia nirudi nyumbani, chumba kizima cha walimu kikisikiliza. Siku ile na iliyofuata zikakatwa kwenye likizo yangu ya mwaka. Likizo hiyo naitunza kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu.

Halafu kuna pua. Nilipenga kamasi darasani kwa kitambaa cha mfukoni, kama nilivyolelewa. Watoto wakatazamana, wengine wakaziba midomo kwa mikono. Lakini mwenzangu wa meza ya jirani anavuta kamasi kutoka asubuhi hadi jioni na hakuna anayegeuza shingo.

Siku nyingine mtoto wa darasa la nne aliniambia kichwa kinamuuma. Nilikuwa na parasetamoli kwenye mkoba, nikataka kumpa nusu kidonge. Mwalimu wa afya aliuzuia mkono wangu, kwa upole lakini aliuzuia, akamchukua mtoto akamlaza chumbani kwake bila kumpa dawa yoyote. Baada ya hapo mama yangu alinitumia kashata za karanga. Nikawagawia watoto walionisaidia kufuta ubao. Mwalimu wa darasa akazikusanya zote kabla hazijafika mdomoni. Siku hiyo nililia chooni.

Madirisha yanafunguliwa theluji ikianguka. Watoto wakitoka kucheza wanasukutua koo kwa sauti kwenye masinki, na mimi nimeombwa nifanye hivyo hivyo. Nafundisha matamshi nikiwa nimefunika mdomo kwa barakoa. Na nimeshapewa tangazo kwamba mwaka mpya wa masomo ukianza mwezi wa nne, kila mwalimu atakabidhiwa kikopo cha mkojo chenye jina lake, na basi la picha za kifua litaegeshwa uwanjani. Mimi navaa hijabu. Sijui nitavuliwa mbele ya nani.

Mama yangu mzazi anasema nivumilie. Rafiki yangu aliyeko Nagoya anasema Wajapani wanatuona Waafrika ni wachafu na tunaleta magonjwa, ndiyo maana ya yote haya. Mwisho wa mwezi natakiwa kujibu kama naongeza mkataba. Nifanye nini?

Mwalimu wa Tanga, Niigata


Marahaba mwanangu,

Nianze na neno la rafiki yako wa Nagoya, kwa sababu naona ndilo linalokutafuna usiku. Ubaguzi upo Japani, na yeye huenda ameuonja, simkatalii. Lakini mambo yote uliyoniandikia anafanyiwa pia mwalimu Mjapani wa meza ya jirani. Naye ataletewa kikopo. Naye huombwa arudi nyumbani akiwa na homa. Tofauti yenu ni kwamba yeye alianza kuitwa jina na kujibu "mzima" tangu ana miaka sita, na wewe umeyakuta ukubwani, yote kwa pamoja, katika miezi ya giza na theluji.

Nimefundisha katika shule za Japani kabla ya kurudi nyumbani, na jambo ambalo ningependa uliweke mbele ya mengine yote ni hili: shuleni kule, afya ya mtu mmoja ni kazi ya darasa zima. Sisi tumelelewa kwamba mgonjwa ni yule aliyelala kitandani, na ugonjwa ni wake na wa nyumba yake. Wao wanahesabu kuanzia dalili ya kwanza, na wanahesabu watu wote waliokaa chumba kimoja naye. Ukilishika hilo, utaona ni lipi katika barua yako unapaswa kulikubali bila kinyongo, na ni lipi una haki ya kuliuliza. Maana lipo la kuuliza.

Tuchukue lile la kuita majina asubuhi. Japani ina sheria ya afya na usalama wa shule, iliyoanza kutumika kwa jina hilo mwaka 2009 badala ya ile ya mwaka 1958. Sheria hiyo inawataka walimu wawatazame watoto kiafya katika maisha ya kila siku, na inampa mwalimu mkuu uwezo wa kumzuia mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza asije shule. Mwenye homa kali ya mafua, ile ya virusi vya influenza, hukaa nyumbani mpaka zipite siku 5 tangu dalili zianze, na siku 2 tangu homa ishuke, yote mawili yatimie. Kwa UVIKO-19 ni siku 5 tangu dalili zianze, na siku 1 tangu apate nafuu. Sasa fikiria darasa la watoto thelathini na zaidi ambao hawaendi bwaloni kula. Wanakula mle mle darasani, na wanaopakua supu na wali ni watoto wenyewe, kwa zamu, wamevaa makoti meupe, kofia na barakoa. Homa ikiingia asubuhi kwa mtoto mmoja, inakuwa imeshafika kwa wengi kabla ya wiki kuisha. Zile sauti ndogo za "tumbo linaniuma" zinafika kwa mwalimu wa afya mapema asubuhi, na zikiwa nyingi kutoka darasa moja, darasa hilo hufungwa kwa siku kadhaa. Wazazi wa Kijapani wanayajua hayo na hawashangai.

Ndiyo sababu ya 37.6 yako. Nyuzi 37.5 ndicho kiwango ambacho Japani hukihesabu kuwa homa. Mwalimu mkuu msaidizi hakuwa anapima kama unaweza kufanya kazi, naamini ungeweza. Alikuwa anafikiria madarasa yote unayoyazunguka kwa siku moja, kwa sababu mwalimu msaidizi wa lugha huingia karibu kila darasa la shule. Mwalimu mwingine hukaa na darasa lake moja, lakini wewe unapita shule nzima. Na kuhusu chumba kizima kusikiliza, walimu wote wa shule ya Kijapani hukaa ukumbi mmoja bila kuta. Hakuwa na pembeni pa kukupeleka, na kule kuinama kulikuwa ni kukuomba radhi.

Lakini likizo yako ni jambo jingine, na hapa mimi niko upande wako.

Likizo ya mwaka Japani huombwa na mfanyakazi. Si sawa mwajiri akurudishe nyumbani kwa neno lake, kisha siku hizo zitoke kwenye likizo yako bila wewe kuziomba. Nadhani najua kilichotokea, kwa sababu ni cha kawaida sana. Walimu wengi wa Kijapani wakipata mafua huchukua siku za likizo ya mwaka wenyewe, kwa kuwa likizo ya ugonjwa kwa kawaida hudai cheti cha daktari, na wao huona usumbufu kwenda kukitafuta kwa siku moja au mbili. Basi huenda uliwekewa fomu ya kawaida mbele yako, ukaweka sahihi ukiwa na mafua na kichwa kizito, na aliyekuletea akaamini amekurahisishia. Kama ilikuwa hivyo, hakuna aliyekusudia kukuibia siku zako. Hilo halikuzuii kuuliza. Chukua mkataba wako, tafuta kipengele cha likizo ya ugonjwa, ambayo wao huiita byōki kyūka, uone ni siku ngapi, zinalipwa au hazilipwi, na cheti kinatakiwa kuanzia siku ya ngapi. Kisha uliza kwa maandishi kama zile siku mbili zinaweza kubadilishwa. Zisipobadilishwa, angalau utajua njia kabla ya homa nyingine. Na homa nyingine itakuja, mwanangu. Mwaka wa kwanza kati ya watoto wadogo wa nchi mpya, mwili hukutana na mafua usiyoyajua.

Siku hiyo ikifika, usilale tu nyumbani. Nenda kliniki ya magonjwa ya ndani, piga simu kwanza ueleze una homa, vaa barakoa, beba kadi yako ya My Number (kitambulisho chao) iliyosajiliwa kama bima, au hati ya kuthibitisha bima. Utalipa asilimia 30 ya gharama, bima italipa inayobaki. Kipimo cha influenza cha kliniki hutoa jibu wakati wewe umekaa pale pale unasubiri, ingawa ukiwahi mno, saa chache tu tangu homa ianze, kinaweza kukosa kuona kitu. Omba cheti hapo hapo. Kina malipo yake ya ziada. Na ikitokea ugonjwa ukakuweka chini muda mrefu, kama bima yako ni ile ya waajiriwa, baada ya siku 3 mfululizo bila kazi kuna fedha ya kujikimu inayoanza siku ya 4, takriban theluthi mbili ya mshahara, kwa siku ambazo mwajiri hakulipi. Wageni wengi hawaijui na hawaiombi.

Sasa parasetamoli na kashata. Najua hapa ndipo ulipoumia zaidi, kwa sababu ulikuwa unatoa. Binti wa Tanga aliyekataliwa kashata za mama yake ana haki ya kulia. Lakini mwalimu wa afya na mwalimu wa darasa wote wawili walikuwa sahihi, na nataka uelewe sababu zao, si uzimeze tu.

Mwezi Desemba mwaka 2012, katika mji wa Chōfu, Tokyo, mtoto wa darasa la tano mwenye mzio wa maziwa aliongezewa chakula cha mchana shuleni. Kilikuwa na jibini. Alifariki. Tangu hapo hakuna mwalimu Japani anayekuona ukimpa mtoto chakula kisichoandikwa kilichomo akakaa kimya. Na karanga ni miongoni mwa vitu ambavyo sheria yao inalazimisha vitajwe kwenye kila chakula cha pakiti, pamoja na mayai, maziwa, ngano, kamba na soba, ile nafaka ya tambi zao. Kashata za mama yako zilikuwa karanga tupu na sukari. Mwalimu yule hakuona utamu wala upendo. Aliona watoto kadhaa na mmoja wao labda ana karatasi ya mzio ofisini ambayo wewe hujaisoma. Iombe hiyo karatasi. Mwambie akuonyeshe majina ya watoto wenye mzio katika kila darasa unaloingia, na dalili za kuangalia. Ni ombi ambalo litakupandisha heshima shuleni kuliko zawadi yoyote.

Nyuma ya hapo kuna jeraha kubwa zaidi. Mwezi Julai mwaka 1996, katika mji wa Sakai karibu na Osaka, chakula cha shule kilibeba bakteria hatari wa tumbo aitwaye O157. Waliougua walizidi 9,000, na watoto watatu wa shule wakafariki wakati ule. Ukiona leo mwalimu mkuu anaonja chakula cha mchana kabla watoto hawajala, na jikoni sampuli ya kila chakula inagandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri na kutunzwa wiki mbili, usidhani ni ushabiki wa usafi. Wenzako wenye umri wa kuwa na wajukuu walikuwa walimu vijana mwaka ule.

Kashata zako bado zina mahali pa kwenda. Zipeleke chumba cha walimu, kila moja imefungwa peke yake, na kikaratasi kilichoandikwa kwa Kijapani kuna nini ndani. Desturi ya kuwaletea wenzako kitu cha nyumbani ukitoka safari ni ya kila mtu kule. Zitakwisha kabla ya jioni.

Kuhusu dawa, shule za Japani kwa kawaida hazimpi mtoto dawa ya kumeza. Mwalimu wa afya, ambaye kazi yake imetajwa katika sheria ya elimu tangu 1947, ni mwalimu mwenye leseni. Si daktari na hajifanyi daktari. Hufunga vidonda, hupima joto, humlaza mtoto, humpigia mzazi simu. Na hufanya jambo jingine ambalo sikulikuta katika shule zetu: watoto wanaoshindwa kuingia darasani kwa sababu ya huzuni, uonevu au hofu huja kukaa chumbani kwake, wengine siku nzima, na shule huhesabu kwamba wamefika. Mwanangu, mfanye huyo mama awe rafiki yako. Anajua mengi kuhusu watoto kuliko mwalimu mkuu, na kwa kawaida ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba hata mwalimu amechoka.

La pua nalimaliza haraka. Kule kupenga kamasi mbele za watu ni aibu, kuzivuta si aibu. Zaidi ya hapo, kitambaa cha mfukoni ni cha kukaushia mikono, kwa sababu vyoo vingi havina karatasi ya kukaushia, na watoto wa madarasa ya chini hukaguliwa kama wamebeba kitambaa na tishu. Walichokiona watoto ni mwalimu anapenga kamasi kwenye kitu chao cha kufutia mikono. Toka darasani uende koridoni, tumia tishu ya karatasi, tupa, nawa, rudi. Hawatalikumbuka tena.

Kusukutua koo nakuomba ukupende. Kuna utafiti wa Kijapani uliochapishwa mwaka 2005, watu 387 wazima waliogawanywa kwa kura: wengine wasukutue kwa maji matupu, wengine kwa dawa ya iodini, wengine waendelee na maisha yao ya kawaida. Waliosukutua kwa maji walipata maambukizi ya koo na pua pungufu kwa asilimia 36 hivi kuliko wale walioendelea kama kawaida. Iodini haikuonyesha faida ya wazi. Ni utafiti mmoja, siutegemei kama ukuta, lakini maji hayana gharama. Na wewe unasukutua na kupandisha maji puani kwa kila udhu tangu utotoni. Ukisimama na wale watoto kwenye sinki utakuwa umefika mahali unapopajua. La kuosha miguu kwenye sinki hilo hilo ndilo litakalowashangaza wao, kwa hiyo muulize mwalimu wa afya kama kuna sinki la chini la kusafishia mopu, au tawadha nyumbani asubuhi uvae khofu, zile soksi za ngozi, upanguse juu yake.

Madirisha nayo yana kiwango. Shule zimewekewa lengo kwamba hewa ya ukaa darasani isizidi sehemu 1,500 katika milioni, na katika mikoa ya theluji ambako vyumba vingi hupashwa kwa hita za mafuta ya taa, chumba kilichofungwa hufika huko haraka. UVIKO uliongeza ukali. Huwezi kuyafunga, basi vaa kwa ndani: fulana ya joto inayobana mwili, soksi za sufu, viatu vya ndani vyenye bitana nene badala ya vile vyepesi vya kitambaa, na vile vifuko vya joto vya kubandika juu ya nguo, kiunoni. Usibandike kwenye ngozi, vinaunguza.

Barakoa una nafasi ya kuizungumza. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 wizara yao ya elimu iliacha kuwataka wanafunzi na walimu wavae barakoa katika masomo ya kawaida. Shule inaweza kuomba ivaliwe wakati mafua yamepamba moto, na wanaopakua chakula huvaa siku zote, lakini wewe unafundisha sauti ambazo mtoto hujifunza kwa kuangalia midomo. Mweleze mwalimu wa darasa hivyo hivyo. Omba uivue ukiwa umesimama mbele kwa umbali, uivae unapozunguka kati ya meza. Februari ikifika utaona barakoa zinaongezeka tena, na hapo si virusi: ni chavua ya mierezi, iliyopandwa kwa mamilioni milimani baada ya vita, na inawatoa watu machozi mpaka Aprili. Unaweza usiguswe mwaka wa kwanza ukaguswa wa tatu.

Tumefika kwenye basi. Walimu wote hupimwa kila mwaka kwa sheria, na picha ya kifua ina historia: kifua kikuu kilikuwa kinaongoza kwa kuua watu Japani mpaka mwaka 1950, na nchi ile imeingia kundi la nchi zenye wagonjwa wachache mwaka 2021 tu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua ugonjwa huo vizuri mno kuweza kuudharau. Mkojo unapimwa protini na sukari, kwa ajili ya figo na kisukari. Utauchukua nyumbani, ule wa kwanza asubuhi, utautia kwenye kichupa kidogo chenye kifuniko, ndani ya mfuko wake, na kuukabidhi. Ukiwa katika siku zako mwambie mwalimu wa afya. Utapewa siku nyingine.

Ndani ya basi mnaingia mmoja mmoja. Vaa fulana ya pamba isiyo na vifungo, maandishi wala nakshi, na ndani yake usivae kitu chenye chuma. Ukivaa hivyo, kwa kawaida hupigwa picha bila kuvua. Hijabu iwe laini, bila pini, ndefu ya kukunja juu isishuke kifuani. Ila usisubiri siku ya basi. Mwezi wa tatu mwandikie mwalimu wa afya kwa Kijapani rahisi mambo matatu: unaomba fundi mwanamke kama yupo, unaomba daktari mwanamke au uwepo wake yeye wakati wa kusikilizwa moyo, na unaomba kujua mapema utavua nini. Wakishindwa, sheria ya afya kazini inamruhusu mfanyakazi asiyetaka daktari wa mwajiri apimwe kwa daktari mwingine na kuwasilisha matokeo. Uliza kwanza nani analipa, maana huenda ukawa wewe. Na kama kuna uwezekano wowote wa ujauzito siku hiyo, sema kabla ya picha. Matokeo ni kati yako na mwajiri. Jirani yako wa meza akikuuliza, na wengine huuliza kwa wema, jibu kwamba yako sawa na usiongeze.

Mkataba sasa. Katika yote uliyoandika, lililo upande wao kulisahihisha ni zile siku mbili za likizo. Kwa hiyo usijibu kabla hujaliuliza. Watakavyolishughulikia ndivyo utakavyojua unafanya kazi na watu gani: wakikueleza kwa karatasi na kukuonyesha njia ya mara nyingine, mimi ningekaa, kwa sababu unawapenda watoto na wao wanakupenda, na mwaka wa pili mambo haya hayatakuchukulia nguvu hata robo. Wakikukwepa, tafuta manispaa nyingine bila kujilaumu.

Ukisafiri kwa harusi, angalia utakachorudi nacho. Dawa za mafua zenye sudoefedrini, kiambato cha kufungua pua, zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kuingia Japani bila kibali cha mapema, hata kama nyumbani zinauzwa dukani bila cheti, na forodhani hawatajali kwamba hukujua. Soma boksi kabla ya kufunga begi.

Omba kikao na mwalimu mkuu msaidizi wiki hii, nenda na mkataba na karatasi yako ya likizo, na umwombe mwalimu wa afya akae nawe. Kisha niandikie walichokujibu.